Usiilaumu mvua, hamsini yako ndiyo inayokanyaga mafuta

Kama unaishi Kisumu, unaijua ile saa. Ni saa tisa na nusu hivi, jua bado linachoma Oginga Odinga Street kama pasi, lakini ukigeuka upande wa milima ya Nandi unaona wingu jeusi limesimama pale kama askari wa zamu. Upepo unabadilika ghafla. Vumbi linapaa Kibuye, mama wa mitumba anaanza kufunika mali yake kwa turubai, na kule Dunga kina mama wanakimbilia omena walizoanika. Halafu mtu mmoja anapaza sauti: "Koth biro!" Mvua yaja.

Na hapo ndipo kila injini mjini inapopata wazimu.

Nataka uiangalie hiyo dakika vizuri, kwa sababu sisi huwa tunairuka. Ajali ikitokea tunasema ilisababishwa na mvua. Polisi wanasema hivyo, redio inasema hivyo, hata nyanya yangu anasema hivyo. Lakini mvua haina leseni, haijawahi kushika usukani, na haijawahi kumpita mtu upande wa kushoto pale Nyamasaria. Kitu kinachotuumiza huanza kabla ya tone la kwanza kuanguka. Huanza wakati sote tunapoamua kwamba lazima tufike nyumbani kabla ya mvua, na tuko tayari kumlipa yeyote atakayetufikisha.

Kwanza tuelewe kwa nini hapa kwetu mambo ni mabaya zaidi. Mvua ya Kisumu ina saa zake. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji ya ziwa, kwa hivyo upepo unavuma kutoka ziwani kuja kwetu, umejaa unyevu. Ukifika karibu na vilima vya Nandi unakutana na upepo unaotoka mashariki, hewa inapanda juu, mawingu yanajengeka, na jioni radi inaanza. Usiku mambo yanageuka, ngurumo zinahamia ziwani, na hapo ni shida ya wavuvi. Kwa hivyo sisi wa nchi kavu mvua yetu kubwa hupenda kuja kati ya saa tisa na saa moja jioni. Sasa niambie, ni nani mwingine anakuwa barabarani saa hizo? Kila mtu. Mwanafunzi, karani, mama wa Jubilee Market na mzigo wake, fundi anayerudi Manyatta, na wewe. Mvua na umati vimepewa saa moja.

Mwaka 2022 nilikuwa nimeachana na chuo tayari. Karo ilinishinda, nikasema nitarudi, sikurudi, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Siku hiyo nilikuwa na miadi ya kazi ya kuandika maandishi ya matangazo, mtu alikuwa ananisubiri Mamboleo saa kumi kamili. Nilichelewa kutoka nyumbani Nyalenda. Wingu lilikuwa limeshaiva. Nikasimamisha boda, nikapanda, nikamwambia yule jamaa maneno ambayo wewe pia umeshayasema: "Omera, kanyaga, nitakuongeza hamsini tukifika kabla ya mvua."

Alikanyaga. Mimi mwenyewe nilikuwa nafurahia, upepo ukinipiga usoni, tukipenya katikati ya matatu na tuktuk kama sindano. Tulipokaribia mzunguko wa Kondele matone yakaanza, yale makubwa machache, yanayoanguka moja moja. Si mvua ya kutisha. Ungeweza kuyahesabu. Tuktuk iliyokuwa mbele ikasimama ghafla kubeba abiria. Jamaa akashika breki, na pikipiki ikaendelea kwenda kana kwamba hajashika kitu.

Mimi niliamka na mikwaruzo ya kiwiko na suruali iliyopasuka. Yeye alivunjika mtulinga. Tulimpeleka Russia, hospitali yetu ya Jaramogi Oginga Odinga, nikiwa nimemshika bega zima kwenye tuktuk ileile iliyotusimamia. Alikaa nyumbani miezi miwili bila kazi. Pikipiki ilikuwa ya mkopo, na mkopo haujui mtulinga ni nini, unadai kila siku. Ile hamsini ilibaki mfukoni mwangu. Sikumpa siku hiyo kwa sababu ningempaje? Ati, shika, ingawa hatukufika?

Nimekuwa nikiifikiria hiyo hamsini tangu siku hiyo, ndiyo maana unasoma haya.

Nilikuja kujua baadaye kwa nini breki zilimkataa. Lami ikikaa siku kadhaa bila mvua inakusanya mafuta yanayodondoka kutoka kwa magari, vumbi, na unga wa matairi yaliyochakaa. Matone ya kwanza hayaoshi uchafu huo. Yanaukoroga tu, lami inakuwa kama sahani ambayo haijasuguliwa. Ikishanyesha sana kwa muda, maji yanabeba ule uchafu na barabara inapata nafuu kidogo. Kwa hivyo zile dakika za mwanzo, ambazo sisi tunaziona ni nafasi ya mwisho ya kukimbia, ndizo zenye utelezi mbaya. Tunakimbia haswa pale tunapopaswa kutambaa.

Sasa ongeza hesabu. Mwongozo wa madereva wa Uingereza unasema gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linahitaji takriban mita 53 kusimama, kuanzia dereva anapoona hatari. Hiyo ni lami ikiwa kavu. Ikilowa, umbali huo unaweza kuongezeka mara mbili. Ni zaidi ya mita 100, karibu uwanja mzima wa mpira kutoka goli hadi goli. Sasa kumbuka kwamba 80 ndiyo mwendo ambao matatu yetu yanaruhusiwa kwenye barabara kuu, tangu enzi za sheria za Michuki zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004. Kidhibiti mwendo kinajua 80 peke yake. Hakijui kama kuna jua au gharika pale Ahero. Kule Ufaransa barabara kuu ya mwendo wa kilomita 130 inashuka hadi 110 mvua ikinyesha, na sheria imeandika hivyo. Sisi tumemwachia dereva aamue, kisha tukampa sababu zote za kuamua vibaya.

Na dereva mwenyewe alifundishwa wapi mvua? Mimi nilijifunza udereva kwa wiki chache katika shule moja hapa mjini. Nusu ya masomo yalikuwa kwenye ule ubao wa mji wa mfano, unasukuma kigari cha kuchezea kwa kidole, unazunguka mzunguko, unatoka kushoto. Kwenye mji ule hakujawahi kunyesha hata tone moja. Siku tulizokwenda barabarani, wingu likitisha mwalimu alisema, "Tuishie hapo, tutaendelea kesho." Nilipata leseni bila kuwahi kuwasha waipa. Sijui kioo kikijaa ukungu nifanye nini. Sijui kwamba nikipita kwenye maji mengi kwa kasi, matairi yanaweza kuelea juu ya maji na usukani ukawa pambo tu. Muulize rafiki yako mwenye leseni kama yeye alifundishwa. Nadhani utacheka kisha utaogopa.

Ndiyo maana mvua ikianza tunabuni. Mmoja anawasha taa zote nne za dharura huku anaendelea kwenda, kwa hivyo wa nyuma hawezi kujua kama anakata kona au amekwama. Mwingine hawashi taa yoyote kwa sababu "bado ni mchana". Waipa ya matatu imekufa tangu uchaguzi, kwa hivyo dere anapaka kioo tumbaku ya sigara na kuomba Mungu. Madirisha yamefungwa, watu kumi na wanane wanapumua ndani ya gari la kumi na wanne, kioo cha mbele kinageuka maziwa, na makanga anakifuta kwa kitambaa kilekile anachofutia viti. Nje kuna dada amefunika nywele zake mpya kwa mfuko, ameinamisha kichwa, anavuka mbio bila kuangalia. Na shimo ambalo kila mtu analijua limejaa maji, limelingana na lami, kila anayelikwepa kwa kukariri anaingia upande wa mwenzake.

Lakini haya yote ni ufundi, na ufundi unaweza kufunzwa. Kinachonisumbua zaidi ni pesa.

Mvua ndiyo saa ya mavuno. Nauli ya hamsini inakuwa mia, na ya mia inakuwa "panda kama unapanda". Dereva wa matatu ana hesabu ya mwenye gari, ambayo lazima ifike jioni hata kama amekaa kwenye foleni saa mbili. Kinachobaki juu ya hesabu ndicho chakula cha watoto wake. Akipunguza mwendo kwa sababu ya mvua, anapoteza raundi moja au mbili za nauli bora ya siku nzima. Kanuni za NTSA za mwaka 2014 zinataka wafanyakazi wa magari ya abiria walipwe mshahara wa mwezi. Muulize dere wako wa kila siku kama anapata payslipu. Mpaka siku hiyo, unamwambia mtu achague kati ya usalama wako na unga wake, na unashangaa anapochagua unga.

Sasa utasema, basi kosa ni la wenye magari na serikali, mimi abiria nahusika vipi?

Unahusika kwa sababu wewe ndiye mwenye hiyo mia. Dere anajua tabia zetu kuliko sisi. Anajua kwamba pale stejini, mvua ikitisha, utaruka gari linalosubiri kwa utaratibu na kuingia lile linalonguruma huku linatembea. Anajua ukiingia utalalamika akisimama, hutalalamika akikimbia. Mimi nimepanda matatu ya Kisumu miaka mingi na ninaweza kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja mara nilizosikia mtu akisema, "Dere, punguza, mvua." Mara nyingi aliyesema ni mama mzee, na mara nyingi sisi vijana tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Ukimya huo una bei. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya na jamaa zao kwenda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu, kule Mwingi, maji yakipita juu ya daraja. Watu walikuwa wamesimama kando wakitazama, wengine wakirekodi kwa simu. Sote tuliiona ile video. Basi likaingia, likainama, likazama, na zaidi ya watu 30 wakafa. Ilikuwa Jumamosi ya harusi. Siwezi kusema ni nini kilisemwa ndani ya basi lile, na sitawalaumu marehemu. Lakini haraka ya harusi ninaijua, na ile hisia kwamba tumeshafika hapa, maji ni haya tu, tukirudi tutaonekanaje, hata hiyo ninaijua.

Aprili 2024 tukarudia somo. Basi lenye abiria 51 likaingia kwenye mafuriko pale Tula, barabara ya Garissa kuelekea Nairobi. Likasombwa kando ya barabara, watu wakapanda juu ya paa. Safari hii waokoaji walifika na wote wakaokolewa. Tulishangilia, tukasonga mbele, hakuna aliyejifunza kitu. Na si lazima maji yawe ya kutisha. Maji yanayokwenda kwa kasi yakifika sentimita 30 yanaweza kulinyanyua gari dogo, na yakifika 60 yanaweza kubeba hata yale magari makubwa ambayo wenyewe wanajiona hawazami. Sentimita 30 ni rula ya mtoto wa shule ya msingi. Sisi tunaokaa karibu na Auji pale Nyalenda, au watu wetu wa Nyando na uwanda wa Kano, tumeona maji yakivuka rula hiyo kabla ya chai kuiva.

Najua utaniambia nini. Utaniambia ni rahisi kuongea, wewe hujawahi kulala nje kwa sababu ulikosa gari la mwisho la Bondo. Utaniambia mitaro imejaa takataka, taa za barabarani zimekufa, na Probox ya watu tisa ndiyo tu inayokwenda kwenu. Yote ni kweli. Mitaro ni kazi ya kaunti na tunafaa kuidai kwa sauti. Mwenye gari anayempa dereva wake matairi yaliyonyooka kama upara anafaa kufikishwa kortini kabla ya ajali, si baada ya mazishi. Mwaka 2024 NTSA ilihesabu zaidi ya watu 4,700 waliokufa barabarani Kenya nzima, na wengi zaidi walikuwa wanaotembea kwa miguu. Wengi wa hao hawakuwa hata na usukani wa kulaumiwa.

Lakini mtaro utazibuliwa lini? Mshahara wa dere utaanza lini? Wingu la Nandi litakuja leo saa tisa na nusu. Kwa hivyo naongea kuhusu kitu ambacho wewe na mimi tunacho mikononi leo.

Kitu cha kwanza, usinunue mwendo. Ukitaka kumwongeza boda hamsini kwa sababu ni mvua na yeye analowa, mwongeze, anastahili. Lakini mpe kwa maneno tofauti. Mwambie, "Hii ni ya kwenda pole pole." Nimejaribu. Mara ya kwanza jamaa alinigeukia akafikiri nina kasoro. Kisha akaenda pole pole, kwa sababu mwenye pesa amesema.

Pili, ongea ndani ya gari. Si lazima ugombane. "Dere, tunashukuru, punguza kidogo, barabara imelowa." Mmoja akisema, wa pili anapata ujasiri. Dere ambaye abiria watatu wamemwomba apunguze ana kisingizio kizuri cha kumwambia mwenye gari.

Tatu, kama unaweza kusubiri, subiri. Mvua yetu ya jioni mara nyingi ni kubwa lakini fupi. Kama unapaswa kuwa mahali saa kumi na moja, ondoka saa nane. Na kama umechelewa, umechelewa, pigia mtu simu umwambie. Yule aliyekuwa ananisubiri Mamboleo siku ile, nilipompigia baadaye nikiwa Russia, aliniambia hata yeye hakuwa amefika. Alikuwa amejikinga mvua.

Na kama wewe ndiye unayeendesha, washa taa hata kama ni mchana, acha nafasi mara mbili ya unayoacha siku ya jua, na ukiona maji yamevuka barabara na huoni lami chini yake, geuza. Watakucheka. Wacha wacheke.

Kizazi chetu kina wimbo mmoja ulioachwa na Ayub Ogada, Kothbiro, jina lake ni lile neno tunalopaza pale Kibuye. Ni onyo la mtu anayetaka ng'ombe warudishwe nyumbani kabla ya mvua. Wazee wetu walipoona wingu waliwahi mapema. Sisi tumeliweka lilelile onyo, tukabadilisha ng'ombe kwa matatu, halafu tunangoja hadi matone yaanze ndiyo tuwahi.

Mwezi jana nilikutana na yule jamaa wa boda, palepale Kondele, chini ya barabara ya juu ambako wenzake hujikinga. Bega lake limepona, ingawa anasema baridi ikija linamkumbusha. Mkopo amemaliza. Nilikuwa naenda Mamboleo, na wingu lilikuwa mahali pake juu ya Nandi. Akaangalia wingu, akaniangalia, akatabasamu kwa ubaya.

"Omera, leo unaongeza ngapi?"

Nikamwambia tunywe chai kwanza. Tulikaa kwenye kibanda cha mama mmoja pale kando, mvua ikaja kwa kelele zake zote, matatu yakapiga honi, tuktuk moja ikakwama kwenye shimo lililojificha. Chai mbili na mandazi mbili zilikuwa shilingi themanini. Nililipa mimi. Dakika arobaini baadaye mvua ilikuwa imekatika, lami inang'aa, nasi tukapanda tukaenda.

Nilifika nimechelewa. Hakuna aliyeuliza.